Kabla Hujaipelekea Shule ya Muziki Piano Yako Kuukuu

Miaka saba iliyopita, baada ya baba mkwe wangu kufariki na nyumba yake ya mtaa wa Parklands, Nairobi, kuuzwa, tulibaki na piano ambayo hakuna mwanafamilia aliyekuwa na sebule ya kuitosha. Nilipendekeza tuipe shule ndogo ya muziki iliyokuwa imekodi vyumba vitatu juu ya maduka huku Umoja, ambako binti yangu alikuwa akijifunza fidla kila Jumamosi. Ndugu wote waliafiki, nami nikawa natembea mtaani nikijiona mfadhili. Piano hiyo iliigharimu shule fedha nyingi kuliko zote nilizokuwa nimewahi kuichangia, na ni aibu ya jambo hilo iliyonifanya nijifunze haya ninayoyaandika hapa.

Piano ya kusimama mara nyingi huwa na uzito unaopita kilo 200. Walihitajika vijana sita, kamba na lori, na kwa kuwa ngazi za jengo lile zinapinda mara mbili, kwenye kona ya pili ilibidi reli ikatwe kisha ichomelewe upya. Lori nililipia mimi. Reli ililipiwa na shule, na nililigundua hilo miaka miwili baadaye nilipoanza kuwasaidia kuandika vitabu vyao vya hesabu. Kisha akaitwa fundi. Ndani ya piano mna nyuzi zipatazo 230, zilizokazwa kwenye fremu ya chuma kwa mvutano ambao ukijumlishwa unapita tani 15, na kila uzi umezungushiwa pini iliyopigiliwa kwenye ubao mgumu. Ubao huo ukikauka ukapasuka, pini hulegea. Fundi aliukaza uzi mmoja wa katikati, akabonyeza kitufe, na sauti ikawa sawa; akaondoa spana yake, tukasubiri kidogo, akabonyeza tena, na sauti ilikuwa imekwisha kushuka. Alirudia mara tatu bila kusema neno. Hatimaye akanigeukia: "Mama, hizi pini hazishiki. Nikiituni leo, Jumatatu mtaniita tena." Kuubadilisha ubao ule kungegharimu zaidi ya kununua piano nyingine iliyotumika.

Nilimuuliza mwalimu mkuu kwa nini hakuikataa tangu mwanzo. Alitabasamu tu, akasema kwamba mzazi akija na zawadi, na msiba ungali mbichi, hakuna namna ya kumwambia arudi nayo. Naomba msomaji atulie hapo kidogo, kwa maana ndipo penye kiini cha ushauri wangu wote. Shule inayohitaji msaada haina uwezo wa kukataa msaada mbaya. Kwa hiyo mzigo wa kuuliza ni wa mtoaji, na aulize mapema, kwa namna inayomwachia mwenzake nafasi ya kusema hapana bila kuona haya.

Swali ninalolitumia siku hizi ni hili: ni kitu gani kilichokwamisha masomo wiki iliyopita? Ukiuliza shule inahitaji nini, utatajiwa piano, ukumbi na basi, kwa sababu watu wamezoea kwamba wafadhili hupenda vitu vinavyopigika picha. Ukiuliza kilichokwama, utasikia mambo madogo yanayoshangaza. Mara ya kwanza nilipouliza, jibu lilikuwa uzi wa E wa fidla. Fidla ina nyuzi nne, G, D, A na E, na huo wa mwisho, ambao ndio mwembamba kuliko yote, hukatika mara kwa mara, hasa mikononi mwa mtoto anayejifunza kukaza mwenyewe. Watoto watatu walikuwa wamekaa wiki mbili wakipiga nyuzi tatu. Pamoja na uzi huo, zilitajwa kipande cha ulimbo wa kupaka kwenye upinde, mianzi ya klarineti (vile vipande vyembamba vya kupulizia), mafuta ya vali za tarumbeta, na nauli.

Nauli inastahili kusemwa kwa kirefu. Mtoto wa Kayole anayesamehewa karo yote bado anahitaji matatu ya kwenda na kurudi, na siku ya mvua nauli hupanda bila taarifa. Tulipoanza kuweka daftari la mahudhurio sambamba na hesabu, tuliona kwamba watoto wenye ufadhili kamili ndio waliokosa masomo zaidi ya wengine, na kwa miezi kadhaa baadhi yetu katika kamati tulilaumu wazazi kwa kutothamini cha bure. Ilikuwa dhana mbaya, na ninakiri nilikuwa miongoni mwa walioieneza. Mwalimu mmoja kijana, ambaye mwenyewe alikuwa akitembea kutoka Donholm, ndiye aliyetuambia tuangalie tarehe: utoro ulizidi mwisho wa mwezi, kabla ya mishahara na vibarua kulipwa. Tangu hapo sehemu ya mchango wangu huandikwa waziwazi kuwa ni ya nauli, na hutumwa kwa simu ya mzazi Ijumaa jioni.

Jambo lingine wasilolipenda wafadhili ni kulipa walimu. Ninaelewa kwa nini: mshahara hauna kibao cha jina, na mwezi ukiisha umeliwa. Lakini katika shule nyingi ndogo za hapa mwalimu wa muziki hulipwa kwa saa, maana yake mwezi wa Aprili, Agosti na Desemba, shule zikifungwa, hana kitu. Naye ana kodi ya nyumba kama wewe na mimi. Hupata kazi ya kupiga kwenye harusi na hotelini, akiona inalipa harudi, na mtoto aliyekuwa amefundishwa kushika upinde kwa namna moja huanza upya na mtu mwingine mwenye mkono mwingine. Binti yangu alipitia walimu wanne katika miaka mitatu. Kama ningekuwa na fedha za jambo moja tu, ningelipa miezi hiyo mitatu ya likizo na kuwaachia wengine kununua vyombo.

Sitaki ieleweke kwamba vyombo visitolewe kamwe. Fidla za watoto, kwa mfano, hutengenezwa kwa vipimo, robo, nusu, robo tatu na kamili, na mtoto hukiacha kipimo kimoja kila baada ya mwaka au miaka michache. Nyumba nyingi za Nairobi zina fidla ya nusu iliyolala juu ya kabati kwa sababu mwenyewe sasa yuko chuo kikuu. Hiyo itoe, ila kwanza itazame: kama kuna ufa kwenye mwili, kama shingo imeachia, kama vigingi vya kukazia nyuzi vinashika. Kisha weka kando fedha za seti mpya ya nyuzi na za fundi, uzitoe pamoja nayo. Fidla mpya za bei ya kutupa zinazouzwa mtandaoni ningekushauri uziache. Zina rangi ya kuvutia, lakini vigingi vyake huteleza na mtoto hutumia nusu ya somo akitafuta sauti. Na usizisahau ala zetu. Nyatiti, ala ya Waluo yenye nyuzi nane, ikiharibika hutengenezwa na mafundi wa hapahapa nchini, bila kungoja mzigo kutoka ng'ambo, na bado sijakutana na mfadhili aliyejitokeza mwenyewe kusema anataka kumlipa mwalimu wa nyatiti.

Kuhusu namna ya kutoa, mimi nimehama kabisa kutoka harambee hadi agizo la benki la kila mwezi. Harambee ina raha yake na ina historia yake, neno lenyewe limeandikwa kwenye nembo ya taifa, nami sijaacha kuhudhuria. Tatizo lake ni kwamba huleta fedha nyingi kwa siku moja, halafu kimya cha miezi kumi, na mwenye nyumba wa jengo hadai kodi kwa mtindo huo. Shilingi 2,000 zinazoingia tarehe 5 ya kila mwezi humwezesha mwalimu mkuu kuahidi jambo na kulitimiza. Nilipoanza nilidhani kiasi hicho ni cha kuonea haya. Siku moja akanionyesha bajeti ya muhula: safu ya michango ilikuwa na alama za kuuliza mstari baada ya mstari, na jina langu ndilo pekee lililokuwa na namba iliyoandikwa kwa wino.

Kwa kuwa mimi ni mhasibu, nitagusia karatasi, ingawa najua wengi hupenda kuruka sehemu hii. Hakikisha shule au taasisi inayoiendesha imesajiliwa, na kwamba Paybill (namba ya kupokea malipo kwa simu) au akaunti ina jina la taasisi, isiwe namba ya simu ya mtu binafsi, hata awe mwaminifu kiasi gani. Uliza ni wangapi hutia saini. Wawili ndio angalau. Omba risiti na ripoti fupi ya mwaka, na usijisikie kwamba unamshuku mtu, kwani hesabu safi humlinda mwalimu mkuu kuliko inavyokulinda wewe. Mashirika ya manufaa ya umma sasa yako chini ya sheria ya mwaka 2013 ambayo ilianza kutumika Mei 2024, kwa hiyo ukikuta shule iko katikati ya kubadilisha makaratasi yake, ipe muda badala ya kuikimbia. Kwa mwenye biashara kuna la ziada: Sheria ya Kodi ya Mapato huruhusu mchango wa fedha taslimu kwa taasisi ya hisani iliyosamehewa kodi kuondolewa kwenye mapato yanayotozwa, mradi una uthibitisho unaotakiwa. Imesema fedha. Piano ya baba mkwe haikuniondolea hata shilingi moja.

Ufadhili wa karo nao una adabu zake. Tulijifunza kutomsimamisha mtoto jukwaani kumshukuru mfadhili wake, desturi ambayo huwapendeza wageni na kumuumiza mtoto, maana wenzake wote wanaanza kumjua kuwa ni wa bure. Tulijifunza pia kumwachia mzazi sehemu ndogo ya kulipa anapoweza, hata kama ni shilingi 100 kwa wiki, kwa sababu wazazi wenyewe walituomba hivyo. Mama mmoja alisema anataka naye awe na neno kwenye mkutano. Na ukimfadhili mtoto, umfadhili kwa miaka, si kwa muhula. Mitihani ya bodi ya London ambayo wengi hapa huifanya, ABRSM, ina gredi nane, na kila moja ina ada yake na tarehe yake ya mwisho ya kujiandikisha. Mtoto akikosa tarehe hiyo kwa kuwa mfadhili yuko safarini, husubiri kipindi kingine cha mitihani huku wenzake wakisonga.

Mtu anayetaka kuona kazi iliyoota mizizi asiishie kwenye picha za mtandaoni. Ghetto Classics, mradi wa kuwafundisha watoto muziki, ilianza mwaka 2008 Korogocho, jirani na jalala la Dandora, na iko chini ya Art of Music Foundation iliyoanzishwa na Elizabeth Njoroge. Kenya Conservatoire of Music imekuwapo tangu 1944. Nenda kwenye tamasha la mwisho wa muhula la shule yoyote iliyo karibu nawe, lipa kiingilio hata kama wewe ni mgeni wa heshima, uketi viti vya nyuma, usikilize watoto wa mwaka wa kwanza badala ya wale hodari wanaofunga shughuli. Hapo utajua kama kuna ufundishaji. Wakati wa chai, zungumza na mlezi yeyote anayengoja. Atakueleza mambo ambayo kamati haitakueleza.

Kampuni zina taratibu zao na sina mengi ya kusema juu yake, isipokuwa kwamba fulana zenye nembo hazifundishi mtu skeli. Ikiwa unafanya kazi katika kampuni kama hiyo, tumia sauti yako ndani ya ofisi ili bajeti ya fulana igeuzwe kodi ya vyumba vya muhula mmoja.

Na kama huna fedha kabisa, angalia kazi yako ya mchana. Niliipa shule ile Jumamosi mbili kwa mwezi za kuandika hesabu, na kutokana na vitabu hivyo vilivyonyooka walipata mfadhili mkubwa zaidi yangu mara nyingi. Jirani yangu seremala ndiye aliyeimaliza hadithi ya piano. Alikuja na msumeno siku tuliyokata tamaa, akatenganisha mbao nzuri na zilizooza, na kutoka kwenye mfuniko na mbavu za piano akatengeneza stendi tisa za kuwekea nota. Fremu ya chuma iliuzwa kama chuma chakavu, na fedha zake zikalipia ile reli ya ngazi ambayo bado ilikuwa inanikera kwenye vitabu.

Kila mwanzo wa mwezi sasa mwalimu mkuu hunitumia ujumbe mfupi wa simu bila salamu ndefu, kama tulivyokubaliana. Wa mwezi huu una mistari mitatu: nyuzi za E sita, ulimbo vipande viwili, na nauli ya mtoto mmoja ambaye familia yake imehamia mtaa wa Utawala.