Usimhoji mvuvi hata mmoja kabla ya barua ya maadili na kibali

Ndugu yangu wa Malindi, hao wavuvi uliokusudia kuwahoji kwa utafiti wako, usiwahoji bado. Umeuliza shahada ya uzamivu, yaani PhD, ni nini, huchukua muda gani, ada yake ni kiasi gani, kisha mwishoni ukaongeza, kana kwamba ni jambo dogo, kuwa utaanza kukusanya data mwezi huu kabla kusi, ule upepo wa kusini, haijachafua bahari, kwa kuwa umeambiwa kibali cha utafiti kitafuata baadaye. Hilo la mwisho ndilo litakalokuharibia, na ndilo ninalolijibu.

Maneno hayo hayo niliambiwa mimi hapa Lamu na mtu wa idara yetu, tena mtu ambaye kazi yake ilikuwa kutuongoza. Nikaenda kijiji cha Matondoni, nikawarekodi mafundi wa majahazi wakinieleza mbao wanavyozichagua na kalafati, yaani kuziba nyufa za mbao, inavyopigwa. Kamati ya maadili ya utafiti ilipoona kuwa tarehe za mahojiano zimetangulia barua yake, ilinijibu kwa ufupi kwamba haitoi idhini kwa kazi iliyokwisha fanywa, na kwamba data ile isiingie katika tasnifu. Niliporudi Matondoni na fomu za ridhaa, mzee aliyenifunza mengi kuliko wote alikuwa amekwisha kufariki. Sauti yake ninayo mpaka leo, ila siwezi kuinukuu hata mstari mmoja. Yule aliyenishauri nilipomwendea alisema hakumbuki kunishauri hivyo. Mtu anayelipwa mshahara kuwaongoza wanafunzi, akawaambia kuwa kibali ni karatasi tu, anawadhulumu, na inanichoma kuona ushauri huo ungali unatembea.

Uzamivu si kusomea masomo mengi zaidi ya uzamili. Ni kutoa maarifa mapya, kuyaandikia tasnifu, kisha kuyatetea mbele ya watahini, akiwemo wa kutoka nje ya chuo chako. Watahini hao hawapimi matokeo peke yake. Hupima pia njia uliyoyapatia, na data isiyo na idhini huweza kuiangusha tasnifu nzima hata kama kila neno lililomo ni kweli.

Kwa hiyo shika mpango huu wala usiupindue: tetea kwanza pendekezo lako la utafiti chuoni, kisha upate barua ya kamati ya maadili, kisha uombe kibali cha Tume ya Taifa ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu, yaani NACOSTI, ambayo kazi yake inaongozwa na sheria ya mwaka 2013. Ukikipata, ripoti kwa kamishna wa kaunti na kwa mkurugenzi wa elimu wa kaunti kabla hujafungua daftari.

Usidhani haya ni urasimu mtupu. Mwaka 2018 Mahakama Kuu iliamuru wavuvi wa Lamu zaidi ya 4,600 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76 kwa madhara ya ujenzi wa bandari ya Lamu, na tangu hapo mvuvi wa pwani hii anajua vyema kuwa maneno yake kuhusu samaki anaowapata yana uzito mahakamani na serikalini. Mvuvi atakayekwambia kuwa anatumia nyavu zilizokatazwa amejiweka mikononi mwako. Ana haki ya kujua wewe ni nani, jina lake utalifichaje, na kwamba anaweza kujitoa wakati wowote, na hayo ndiyo kamati ya maadili inayoyakagua.

Kusi ikianza kabla hujaanza, ianze. Kaskazi, msimu wa bahari tulivu, itarudi, na kwa kuwa masomo yako hayatapungua miaka 3, utaipata. Kwa sasa nenda kwa viongozi wa BMU, yaani kikundi cha wavuvi kinachosimamia ufuo wako, wasalimie, waeleze unachokusudia, uwaulize ni wakati gani wavuvi wana nafasi ya kuzungumza. Simu ya kurekodia iache nyumbani.