Maiki kupiga mluzi kanisani: kabla hamjanunua miksa mpya, hamisheni spika

Mkuu, nimesoma maelezo yako yote. Kanisa la watu 200 hivi, bati juu na vigae chini. Spika kubwa zimesimama ukutani nyuma ya madhabahu, maiki ya kifuani ya mchungaji inapiga mluzi akisogea kidogo tu, kwaya ina maiki nne na bado haisikiki, na kamati imeshatenga hela ya miksa (mashine ya kuchanganya sauti) ya chaneli 32. Mimi ni fundi mitambo wa kanisa miaka mingi sasa, na kwaya nazirekodi pia, kwa hiyo niwie radhi nikijibu kwa kirefu. Ila jibu fupi ni hili: miksa haihusiki. Waambie kamati hizo hela wazishike kwanza.

Mluzi ni sauti ya spika inayorudi kwenye maiki, inapita kwenye miksa, inatoka kubwa zaidi, inarudi tena. Uwe na miksa ya laki tano au ya milioni kumi, mzunguko ni uleule. Kinachoukata ni umbali: mdomo uwe karibu na maiki, spika iwe mbali nayo. Kwenu ni kinyume. Spika ziko mgongoni kwa mchungaji zinamtazama, halafu maiki yenyewe ni ya kifuani, ambayo kwa kawaida inasikia pande zote.

Anza na spika. Zitoe huko nyuma, zilete mbele ya mstari wa maiki zote, moja kila upande, zipandishwe juu ya vichwa vya watu waliosimama na ziinamishwe kidogo ziangalie viti vya katikati na vya nyuma. Usiziache zinapiga ukuta wa mwisho, maana ukuta wa plasta unakurudishia kila kitu. Miili ya watu na nguo zao ndiyo inayonyonya sauti kanisani, ndiyo maana Jumamosi jioni kwenye mazoezi mitambo inalia balaa na Jumapili ukumbi ukijaa inatulia. Usipange sauti Jumamosi ukadhani umemaliza.

Halafu maiki ya mchungaji. Kila ukipunguza umbali kati ya mdomo na maiki kwa nusu, sauti inayoingia inapanda desibeli 6 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti). Hiyo ya kifuani iko kama sentimita 20 kutoka mdomoni. Mpe ile ya kuvaa kichwani inayopita shavuni, ikae sentimita 5 pembeni ya mdomo (si mbele yake, pumzi za P na B zitakuwa zinapiga), umeshapata desibeli 12. Kwa amplifaya, desibeli 12 maana yake ni nguvu mara 16: kutoka wati 500 hadi wati 8000. Na hata ukizinunua hizo wati, mluzi uko palepale. Najua wachungaji wengine hawaipendi. Mzee wetu mmoja alisema hizo ni maiki za wauza dawa mnadani. Aliposikia ibada ya kwanza bila mluzi, hakuzungumza tena.

Kama atashika maiki ya mkononi, mfundishe kitu kimoja: asizibe kile kichwa cha wavu kwa kiganja. Watu wanaiga waimbaji wa rapu. Maiki kama Shure SM58 imetengenezwa isikie mbele na iwe kiziwi nyuma, na ukiziba matundu ya nyuma ya wavu inaanza kusikia kote, mluzi unaanza hapohapo. Upande wake wa kiziwi uko nyuma kabisa, kwa hiyo monita ya sakafuni (spika ya kumrudishia mwimbaji sauti yake) ikae mkabala na mkia wa maiki. Beta 58A ni tofauti, yenyewe haisikii vizuri kwenye pembe za nyuma kushoto na kulia, kama digrii 120 hivi kutoka mbele. Ukiiwekea monita katikati nyuma unaiharibia. Na SM58 feki zimejaa madukani, ukiambiwa bei ya kushangaza jua umeuziwa boksi.

Sasa kwaya, maana hapa ndipo makanisa mengi yanapopotea. Kwaya haisikiki, tunaongeza maiki. Bado haisikiki, tunaongeza nyingine. Kila ukizidisha mara mbili idadi ya maiki zilizo wazi, unapoteza kama desibeli 3 za nafasi uliyonayo kabla ya mluzi. Kutoka maiki moja hadi nne umepoteza 6. Na wanakwaya wenyewe ukiwaangalia, yule soprano aliyesimama mbele ya maiki ndiye anayesikika ukumbi mzima, wa pembeni yake anajivuta nyuma kwa adabu, waimbaji wa tenor na besi walio mstari wa nyuma ni kama hawakuja ibadani. Mimi kwa kwaya ya watu 30 naweka mbili tu, za kondensa, yaani zinazohitaji umeme kutoka kwenye miksa (kumbuka kuwasha ile swichi ya 48V, bila hiyo hazitoi kitu). Zinakaa hatua moja mbele ya mstari wa kwanza, juu kidogo ya vichwa, zinaelekea nyuso za mstari wa nyuma. Mstari wa mbele una nguvu tayari, maiki inatakiwa imtafute wa nyuma. Nafasi kati ya maiki na maiki iwe angalau mara tatu ya umbali kutoka maiki hadi kwa mwimbaji: mwimbaji akiwa sentimita 80, maiki zipishane mita 2.4. Zikikaribiana zaidi ya hapo, sauti moja inaingia kwenye zote mbili kwa kuchelewana kidogo na kwaya inatoka kama iko ndani ya bomba. Maiki za kwaya zizimwe mahubiri yakianza. Hili la kuzima tu limeokoa ibada nyingi.

Ila hata ukifanya yote hayo, kama drams ziko kwenye kona ya vigae na mpiga gitaa la besi ana amplifaya yake nyuma imefunguliwa nusu, maiki za kwaya zitabeba drams kuliko kwaya. Sauti ya jukwaani lazima ishuke. Weka zulia zito chini ya drams, zitoe kwenye kona, amplifaya za magitaa zipandishwe kwenye kiti ziangalie sikio la mpigaji badala ya magoti yake. Atazipunguza mwenyewe. Hapa utahitaji mchungaji akusaidie kuongea nao, fundi peke yako utaitwa adui wa huduma.

Kuhusu mwangwi: trei za mayai hazisaidii. Najua studio nyingi za mtaani zimebandika. Ni karatasi nyembamba, zinapunguza kidogo sauti za juu tu na kuacha ule mvumo wa chini unaokusumbua, tena zinashika moto haraka. Pazia zito lenye mikunjo mingi, lililoachiwa nafasi kutoka ukutani, linafanya kazi kubwa zaidi, na la kwanza liende ukuta wa nyuma unaotazamana na spika. Mvua ikipiga bati, mkuu, hapo hakuna fundi. Imbeni.

Umeuliza pia kwa nini rekodi ya YouTube inatoka na mchungaji mkubwa, kwaya kiasi, drams hakuna kabisa. Ni kwa sababu mnachukua sauti ileile inayokwenda kwenye spika. Ukumbini drams zinasikika zenyewe, kwa hiyo kwenye miksa zimewekwa chini au hazina maiki kabisa. Rekodi haiko ukumbini. Tumia aux mbili (njia za pembeni za kutolea sauti kwenye miksa), ziweke kwenye pre, yaani kabla ya feda (vitelezi vya sauti), ili feda za ukumbini zisiziguse, na mtu mmoja avae hedifoni zinazofunika masikio achanganye kwa ajili ya wasikilizaji wa mtandaoni peke yao. Drams ziwekewe maiki hata moja, ya juu. Ongeza maiki mbili zinazoangalia waumini, ziende kwenye rekodi tu, zisiguse spika za ukumbi. Bila hizo, mtu wa nyumbani hasikii hata amina moja. Na usichomeke waya wa miksa moja kwa moja kwenye tundu la hedseti la simu, ile ni njia ya maiki, sauti itapasuka. Pitia kwenye kadi ya sauti ya USB. Kileleni sauti iishie karibu na -10 kwenye mita ya rekodi, usiisukume hadi 0, ukitaka ukubwa utauongeza kwenye kompyuta baadaye.

Mngurumo unaousikia kinanda kikichomekwa ni umeme wa 50 Hz, mara nyingi kwa sababu miksa iko soketi ya nyuma na kinanda soketi ya mbele. Nunua DI boksi, kiboksi kinachokaa kati ya kinanda na miksa, yenye swichi ya kukata ground kwenye waya wa sauti, inamaliza. Usikate waya wa earth kwenye plagi, na wale wanaochokonoa tundu la earth kwa kalamu ili wachomeke plagi ya pini mbili, wakataze. Mpiga gitaa ameshika nyuzi, mdomo umegusa maiki, kukiwa na hitilafu yeye ndiye anakuwa waya.

Ukishahamisha hayo yote na mluzi ukabaki kidogo, sasa gusa ikwalaiza (vidhibiti vya sauti nene na nyembamba kwenye miksa). Kata sauti nene za chini ya 100 Hz kwenye maiki zote za kuongea. Pandisha maiki polepole hadi ianze kulia, sikiliza: ukivuma kama honi tafuta kati ya 250 na 500, ukichoma sikio tafuta kati ya 2000 na 4000. Punguza hapo desibeli 3 hadi 6, kwa ukanda mwembamba, na usizidishe sehemu nne, vinginevyo mchungaji atasikika kama amejifunika blanketi. Ukikwama, weka hapa picha ya jukwaa na uandike ni maiki ipi inaanza kulia kwanza.