Taa za tyubu na bomba la chuma: usiuache waya wa ethi

Ndugu yetu wa Moshi anayetaka kufunga taa nane za tyubu katika karakana yake ya useremala ameuliza kama bomba la chuma linalopitisha nyaya lenyewe linatosha kuwa ethi, yaani njia ya kuushusha ardhini umeme unaovuja, ili asiingie gharama ya waya wa tatu. Ninamsihi aununue waya huo, na ninasema hivyo kwa sababu ya kazi niliyoifanya kwa mikono yangu.

Miaka kadhaa iliyopita niliitwa katika karakana moja ya Unga Limited, Arusha, ambako vijana walilalamika kwamba wakiligusa bomba linaloshuka ukutani hadi kwenye swichi huhisi ganzi mkononi, na wakati wa masika, sakafu ikiwa na unyevu, ganzi hiyo hugeuka kuwa pigo la kumrusha mtu nyuma. Breka haikuwahi kukata hata siku moja. Nilizima mein swichi, nikahakikisha kwa tesita kwamba hakuna umeme, kisha nikafungua boksi moja baada ya jingine hadi nikakuta bomba lililokatwa kwa msumeno na kuingizwa bila kupigwa tupa wala kuvishwa bushi, yaani kipete laini cha kuulinda waya mdomoni mwa bomba. Ukingo wake ulikuwa umelichuna ganda la waya wa moto mpaka shaba ikagusa chuma. Kosa hilo lingekata breka papo hapo kama bomba lingekuwa limeungana na ethi, lakini kapla mbili (viungo vya kuunganisha bomba na bomba) zilizo karibu na ubao wa breka zilikuwa zimelegea na nyuzi zake zimejaa rangi ya mafuta, kwa hiyo bomba lote la upande wa taa lilikaa na volti 230 likisubiri mtu wa kuzishusha ardhini.

Watu wengi hudhani breka ingemwokoa mtu huyo. Breka ya ampea 10 ya aina ya B, ambayo ndiyo tunayoiweka sana kwenye taa, huhitaji ampea 30 hadi 50 ili ikate mara moja, ilhali makumi machache ya miliampea yakipita kifuani yanaweza kuusimamisha moyo. Breka hiyo hulinda nyaya. Anayemlinda mtu ni waya wa ethi usiokatika popote, pamoja na kifaa cha kukata umeme unaovuja cha miliampea 30, ambacho ningekiweka hata kama fedha ni chache.

Kwa taa nane, bomba la milimita 20 na waya wa milimita 1.5 za mraba vinatosha: kahawia kwa moto, buluu kwa nyutro (waya wa kurudisha umeme), kijani chenye mstari wa njano kwa ethi, ingawa katika majengo ya zamani utakuta nyekundu kwa moto na nyeusi kwa nyutro. Kila mdomo wa bomba upigwe tupa hadi kidole kipite bila kukwaruzwa, kisha uvishwe bushi. Pale bomba linapoingia kwenye boksi, kwangua rangi na ukaze nati pande zote mbili. Waya unaokwenda na unaorudi wa sakiti moja upite ndani ya bomba moja, kwa maana ukiutenganisha mmoja, chuma cha bomba hupata joto. Swichi ikate waya wa moto, kamwe isikate nyutro.

Fremu ya kila taa ifungwe kwenye boriti, si kwenye silingi bodi, kwa kuwa choki, kile kifaa ndani ya fremu kinachodhibiti umeme wa tyubu, ni nzito na hupata joto. Kwa karakana ya seremala nina jambo moja zaidi: taa zenye choki ya kawaida humetameta mara 100 kwa sekunde, na msumeno wa mviringo unaozunguka unaweza kuonekana kana kwamba umesimama. Juu ya mashine hiyo weka taa zenye choki ya elektroniki.

Kabla ya kuziunganisha taa, ganda la nyaya lipimwe kwa mega (kipimo cha kuona kama ganda linavujisha umeme) ya volti 500, na usikubali chini ya megaomu 1. Kisha, taa zikishafungwa na umeme ukiwa bado umezimwa, ipimwe njia ya ethi kutoka fremu ya taa ya mwisho hadi kwenye ubao wa breka. Kama huna vipimo hivyo, mwite fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, aje navyo kabla hujawasha.