Waja leo, lakini huondoki leo

Shangazi yangu wa Pangani hapigi simu asubuhi. Simu zake ni baada ya isha, na lazima aanze na habari za mvua. Siku ile alipiga saa moja na nusu asubuhi, hata shikamoo yangu hakuiitikia. "Mwanangu, umelazwa hospitali gani?"

Nilikuwa hapa Ngamiani, nimekaa kwenye kibao cha muuza vitumbua nasubiri vya moto. Sijalazwa popote. Kumbe usiku kucha kuna mtu alikuwa akiwaandikia ndugu, jamaa na wateja wangu wa zamani, kwa jina langu na picha yangu niliyopiga harusini, kwamba naumwa, simu yangu imezima, kwa hiyo ile pesa waitume kwenye namba hii. Shangazi alishatuma elfu arobaini. Wateja wawili nao walituma. Mmoja wao mpaka leo tukikutana Soko la Mgandini anageukia fungu la nyanya kama hakuniona.

Akaunti aliyoitumia ilikuwa yangu mwenyewe ya mtandaoni, niliyoifungua enzi za kuuza madera kwa oda. Biashara ilipokufa nikafuta programu kwenye simu, nikajua nimemaliza. Ile laini ya biashara nayo nikaitupa kwenye droo. Laini ikikaa muda mrefu bila kutumika hufungwa, na namba yake baadaye hupewa mtu mwingine. Huyo aliyeipata akibonyeza "nimesahau paswedi", tarakimu za uthibitisho zinaingia kwake, si kwangu. Nilipofungua barua pepe yangu, ambayo sikuwa nimeigusa tangu Ramadhani, nikakuta taarifa ya jana yake jioni: paswedi imebadilishwa kwa kutumia namba ile ile ya droo.

Sisi watu wa Tanga tunajulikana kwa "waja leo, waondoka leo". Mitandaoni unakuja leo, kuondoka kuna kazi yake.

Kwanza niliirudisha akaunti mikononi kupitia kiungo kilichokuwa kwenye barua pepe ileile, kile cha "kama si wewe, bonyeza hapa". Huwezi kufuta kitu ambacho huna funguo zake. Namba iliyokuwa ikiombea pesa nikaituma kwenda 15040, ile namba ya kuripoti matapeli. Halafu nikapiga picha za skrini za kila ujumbe wa yule mtu. Hapa wengi hukosea: hasira zinakupanda, unafuta kila kitu, kesho polisi wanakuuliza ushahidi uko wapi.

Baada ya hapo nikafuta. Au nilidhani nimefuta. Mitandao mingi ina vitufe viwili vinavyofanana kama pacha: kimoja kinaizima akaunti kwa muda, kingine kinaifuta kabisa. Cha kuzima ndicho wanachokiweka mbele, tena kwa maneno ya kubembeleza. Nilibonyeza hicho, nikalala usingizi mzuri. Wiki mbili baadaye mtoto wa dada yangu akashika simu ya zamani akitaka kucheza gemu. Gemu lile mimi mwenyewe nililifungulia kwa akaunti ile. Akaingia, na akaunti ikaamka kutoka usingizini, picha ya harusi na kila kitu. "Mamdogo, mbona watu wanakuandikia pole?"

Kwa hiyo mara ya pili nilikwenda polepole. Jioni nzima niliitumia kutafuta ni wapi kwingine nilikoingia kwa kutumia akaunti hiyo: gemu, programu ya mapishi, duka moja la mtandaoni nililonunulia vitambaa. Kila moja nikaibadilishia njia ya kuingilia au nikaifuta. Ukiruka hatua hii utajikuta umejifungia nje ya vitu unavyovihitaji. Na kama una ukurasa wa biashara Facebook na wewe ndiye msimamizi peke yako, ujue ukifuta akaunti na ukurasa unakwenda nao. Mpe mtu mwingine usimamizi kwanza.

Kisha nikaomba nakala ya taarifa zangu. Mitandao mikubwa yote inayo sehemu ya kupakua taarifa zako, na Google wanayo ya kwao pia. Nakala yangu ilikuwa nzito, bando likakatika katikati, nikaenda kumalizia kwenye waifai ya rafiki yangu kule Chumbageni. Nilipoifungua nilinyamaza. Kulikuwa na namba za simu za watu ambazo niliwahi kuziruhusu zinakiliwe kutoka kwenye simu, mahali nilipoingilia na saa nilizoingia. Na katikati ya takataka hizo, picha ya marehemu baba ameegemea baiskeli yake pale Raskazone, kofia imekaa upande. Sikuwa nayo popote pengine. Kwa picha hiyo tu nasema: pakua kwanza, futa baadaye.

Ndipo nikabonyeza kitufe chenyewe. Facebook na Instagram hukupa siku 30 za kughairi, kisha kuondoa taarifa zako kwenye mitambo yao kunaweza kuchukua hadi siku 90. X na TikTok nao hukupa siku 30. Siku hizo ndizo za mtihani, kwa sababu mkono unazoea kubonyeza alama ile. Mimi nilifuta programu kwenye simu zote mbili na kivinjari nikakisahaulisha paswedi.

WhatsApp watu wanaikosea sana. Kuiondoa kwenye simu si kufuta akaunti; ingia kwenye mipangilio, sehemu ya akaunti, uchague kufuta. Kama unabadili laini tu, ipo sehemu ya kubadilisha namba, itumie kabla laini ya zamani haijafungwa. Na ukitaka kujua ni laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako cha NIDA, piga *106#. Mimi nilikuta na ile ya mdogo wangu aliyehamia Mwanza.

Programu za mikopo ni habari nyingine. Jirani yangu alichelewesha marejesho siku chache, mkwe wake akaanza kupokea meseji za matusi. Programu ilikuwa imeshakomba namba zote za simu yake siku ya kwanza, alipobonyeza "ruhusu" bila kusoma. Ukiifuta leo, orodha waliyokwishachukua haikurudii. Novemba 2024 Benki Kuu ilitoa orodha ya majukwaa na programu 69 zilizokuwa zikikopesha mtandaoni bila leseni. Kwa programu halali, tazama ukurasa wake kwenye Play Store, sehemu ya usalama wa data: Google inawataka wenye programu zinazofungua akaunti waweke njia ya kuomba ifutwe, hata kama programu yenyewe umeshaiondoa. Wakikuzungusha, waandikie kwa maandishi na utunze tarehe. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na ipo Tume inayopokea malalamiko. Kutaja tu jina la sheria hiyo kwenye barua pepe kulinisaidia na lile duka la vitambaa. Walikuwa kimya wiki nzima, wakajibu siku ya pili.

Siku ya 31 nilimpigia shangazi, nikamwomba anitafute. Alichukua muda, namsikia akipumua na kumuuliza mjukuu wake miwani iko wapi.

"Haupo," akasema. "Ila ile meseji ya hospitali ipo. Jina lako limetoka, wameandika 'mtumiaji' tu."

Nikamweleza kwamba ujumbe ulioshatumwa hubaki kwenye kisanduku cha aliyetumiwa. Mimi nafuta nyumba yangu, barua nilizotuma ziko kwa watu.

"Basi niifute?"

"Hapana shangazi, iache. Polisi bado wanaihitaji."

"Haya. Na elfu yangu arobaini?"

Nimeshamrudishia ishirini na tano.