Kidonge kimoja, mikwaruzo kumi

SWALI: Mambo anti, nisaidie jamani. Paka wangu jike ana miaka 6, daktari kampa antibiotiki, nusu kidonge asubuhi nusu jioni kwa siku 10. Leo ni siku ya 3 mikono yangu imechanika yote. Nikiweka kwenye chakula anakula kila kitu anakiacha kidonge peke yake katikati ya bakuli, nikisaga ndo kabisa hagusi. Jana nimemtumbukizia mdomoni kwa nguvu akatoa povu kama la sabuni, nikajua nimeua. Sasa hivi akiniona tu anazama chini ya kitanda. Si niache tu? Mbona anaonekana kapona.
Mwenye Mikwaruzo

JIBU: Pole mdogo wangu, na paka naye pole. Tuanze na povu maana ndo limekutisha. Dawa nyingi ni chungu balaa, paka akionja tu mate yanamjaa, akitikisa kichwa yanakuwa povu, baada ya dakika chache linaisha lenyewe (ila akivimba uso au akihema kwa shida hilo jambo lingine, kimbia kwa daktari). Ina maana kidonge kilikaa ulimini badala ya kupita. Na kusaga ndo umeusambaza uchungu bakuli zima, halafu kuna vidonge havitakiwi kusagwa kabisa so uliza kwanza. Asali na sukari usihangaike nazo, paka hasikii utamu.

Kuacha hapana, kuonekana kapona siku ya 3 sio kupona, maliza dozi kama daktari alivyosema.

Sasa fanya hivi. Mviringishe kwenye taulo kama mtoto mchanga, kichwa tu kiwe nje, mgongo wake uwe upande wako, usimkabili uso kwa uso. Mkono mmoja ushike kichwa kwa juu, gumba na kidole cha kati kwenye mifupa ya mashavu, inua pua itazame dari, utaona taya la chini linalegea, hapo kidole cha mkono wa pili kinabonyeza vile vimeno vidogo vya mbele chini na unadondosha kidonge nyuma kabisa ya ulimi, katikati, ukikosea kikaenda pembeni atakitema. Funga mdomo, shusha kichwa, msugue koo taratibu. Akilamba pua ujue kimepita. Sekunde 5 tu, ukizidi hapo mmeshaingia vitani, muachie mpumzike wote.

Kikishapita usimuache hivyo hivyo! Wengi wanakosea hapa. Kidonge kikavu kinaweza kunasa kwenye umio (njia ya chakula toka kooni hadi tumboni) na kuunguza, antibiotiki za doksisaiklini na klindamaisini zinajulikana sana kwa hilo, umio unaweza hata kubana kwa kovu. Mpe maji kama mililita 5 kwa bomba la sindano lisilo na sindano, lipitishe pembeni kati ya shavu na meno, kidogo kidogo, na kichwa kiwe sawa sio kimeinuliwa maana maji yanaweza kwenda mapafuni. Au mpe kijiko cha chakula laini.

Kuhusu kuficha, bakuli lake la kila siku usilitie dawa tena, akianza kulishuku ataacha kula, na paka asipokula siku mbili tatu ini linaweza kuharibika, hasa akiwa mnene. Tumia vitonge vitatu vidogo vya kitu anachokipenda kuliko vyote, akiwa na njaa: cha kwanza kitupu, cha pili chenye dawa, cha tatu mwonyeshe kabla hajamaliza cha pili ili ameze haraka. Mimi mwenyewe naanzaga na hii, taulo linakuja ikishindikana.

Na usimuite jina lake ukiwa na kidonge mkononi, wala usimvute chini ya kitanda. Ikigoma kabisa mwambie daktari ukweli, baadhi ya dawa zipo za maji na kuna antibiotiki ya sindano moja inayofanya kazi wiki 2.

SWALI: Paka ana homa, naweza kumpa parasetamoli ya watoto kidogo tu?

JIBU: Usithubutu. Hata kidogo inaua paka, ini lake haliwezi kuivunja. Kama ulishampa, acha kusoma hapa mpeleke sasa hivi.