Ukishuka Piraeus, panga kwanza feri ya kurudi

Juzi nilipokea ujumbe wa msomaji aliyeanza kwa adabu, "Shikamoo dada, samahani kwa usumbufu," kisha akanieleza kwamba yeye na mama yake watasafiri kwa meli ya kitalii itakayofunga gati Piraeus, bandari ya Athens nchini Ugiriki, kwa siku moja mwezi Septemba, kwamba Athens wamekwisha kuiona, na kwamba ziara ya kisiwani inayouzwa ndani ya meli ni ghali mno ukilinganisha na nauli ya feri ya kawaida inayobeba wenyeji kila siku. Swali lake lilikuwa fupi: "Inawezekana kwenda wenyewe, au tutaachwa?"

Inawezekana. Safari hiyo nimeifanya mara mbili, mara ya kwanza vibaya sana na mara ya pili vizuri kiasi cha kunipa ujasiri wa kujisifu hapa bila haya. Lakini nitaanza na ile ya aibu, kwa sababu ndiyo iliyonifundisha.

Miaka kadhaa iliyopita mimi na mume wangu tulipanda meli iliyoanzia Italia, ikapita visiwa viwili vya Ugiriki na kufika Piraeus alfajiri. Kila jioni mhudumu alikuwa akituwekea chumbani karatasi ya ratiba ya siku inayofuata, na juu ya karatasi hiyo, kwa herufi nene, iliandikwa kwamba meli itaendelea kufuata saa ya Italia katika bandari zote. Karatasi hiyo mimi niliifanya kitako cha kikombe cha chai. Nilisoma saa ya kurudi melini peke yake, nikaona inatosha, nikalala.

Wakati wa kiangazi saa ya Ugiriki iko mbele ya saa ya Italia kwa saa moja. Simu zetu zilikuwa zimefungwa mtandao tangu siku ya kwanza kwa hofu ya gharama za mawasiliano ya baharini, kwa hiyo tulikuwa tukitegemea saa ya mkononi ya mume wangu, ambayo aliirekebisha tulipopanda meli. Asubuhi kosa hilo halikuonekana, kwa sababu tulifika kwenye kibanda cha tiketi na kupanda chombo cha kwanza kilichokuwa kikiondoka. Tulifika kisiwa cha Aegina tukiwa na furaha zetu, tukapiga picha kwenye kikanisa cheupe cha Mtakatifu Nikolaos kilicho bandarini, tukanunua pistachio ambazo kisiwa hicho kinasifika kwazo, na tukala samaki bila haraka yoyote, kwa kuwa boti yetu ya kurudi ilikuwa ya saa tisa alasiri.

Tulifika gatini saa nane na dakika arobaini kwa saa ya mume wangu. Hapakuwa na foleni, wala boti, wala mtu isipokuwa mzee mmoja aliyekuwa akikunja kamba na paka aliyelala juu ya kamba nyingine. Mume wangu, ambaye ni mhasibu na haamini kwamba saa yake inaweza kukosea, alimwonyesha tiketi yetu na kulalamika kwamba boti imeondoka kabla ya wakati. Yule mzee hakubishana naye. Alimshika bega, akamgeuza taratibu kuelekea kwenye saa ya ukutani iliyokuwa ndani ya kibanda, akaendelea na kamba zake. Ilikuwa saa tisa na dakika arobaini.

Boti ya kasi iliyofuata ilikuwa imefutwa kwa sababu upepo ulikuwa umeongezeka tangu adhuhuri. Kilichobaki ni feri kubwa ya magari, iliyoondoka saa kumi na nusu na kuchukua saa moja na robo kufika Piraeus, mwendo ambao kwa siku nyingine ningeuita wa kupumzisha akili. Tuliteremka robo saa kabla ya muda wa mwisho wa kupanda meli. Hatukupata teksi iliyokubali safari fupi kiasi hicho, kwa hiyo tulikimbia kando ya magari na malori, mimi nikiwa na ndala, na kanga niliyojitanda begani ikaanguka mahali fulani karibu na geti. Sikugeuka kuiokota. Maneno ya kanga hiyo sitayataja, kwa kuwa yalihusu subira na mume wangu bado huyatumia kunitania.

Kilichoniuma zaidi ya kanga kilikuwa makofi. Wasiowahi kusafiri kwa meli hizi huenda hawajui kwamba wakati wa kung'oa nanga baadhi ya abiria hujipanga kwenye sitaha za juu, vinywaji mkononi, ili kuwatazama wanaochelewa wakikimbia gatini. Walitushangilia kama wanariadha, na wengine walituchukua picha. Mama mmoja alinitambua kwenye kifungua kinywa siku iliyofuata na kuniambia kwa furaha, "Kumbe ni ninyi!" Nilitabasamu. Mpaka leo sijui picha hizo ziko kwenye simu za nani.

Hata hivyo tulibahatika kuliko wengine. Mwezi Machi 2024, abiria wanane wa meli moja kubwa walichelewa kurudi kutoka ziara waliyojipangia wenyewe kisiwani São Tomé, na ingawa meli ilikuwa bado imetia nanga mbele ya macho yao, hawakuruhusiwa kupanda. Walilazimika kuvuka nchi kadhaa za Afrika kwa gharama na mashaka makubwa, na waliipata meli yao Senegal. Wapo waliomlaumu nahodha, na wapo waliowalaumu abiria. Mimi nilisoma habari hiyo nikiwa nimekaa kitandani na miguu ikaniuma upya.

Sasa nije kwenye ushauri. Jambo la kwanza, msomaji wangu, ni saa, na hapa sisi wa Afrika Mashariki tuna bahati ambayo sikuitambua mara ya kwanza: kuanzia mwisho wa Machi hadi mwisho wa Oktoba, saa ya Ugiriki ni ileile ya kwetu, bila tofauti hata ya dakika. Ukiacha saa moja bila kuigusa tangu nyumbani, hiyo ndiyo saa ya feri. Saa ya meli ni jambo jingine, nayo utaipata kwenye ile karatasi ya chumbani au kwa kuuliza mapokezi kabla ya kushuka. Kumbuka pia kwamba ratiba za feri zimeandikwa kwa mtindo wa saa 24, na kwamba sisi tunaohesabu saa kuanzia mapambazuko tunafanya hesabu ya ziada kichwani tunaposoma 16:30. Hesabu za kichwani usizifanye ukiwa umeshiba samaki. Ziandike.

Jambo la pili, ambalo ndilo lenye uzito kuliko yote, ni kupanga safari kuanzia mwisho wake. Watu wengi huanza kwa kutafuta feri ya asubuhi, kisha kisiwa, kisha mgahawa, na feri ya kurudi huijia mwishoni kama mgeni asiyealikwa. Anza nayo. Chukua muda wa mwisho wa kupanda meli, ambao kwa kawaida ni nusu saa au saa nzima kabla ya meli kuondoka, uubadilishe kuwa saa ya Ugiriki, kisha tafuta feri ya mwisho inayoweza kukufikisha kwa wakati. Ukishaipata, usiikatie tiketi. Kata ile iliyo kabla yake. Feri ya mwisho inayokufaa ni akiba yako, na siku utakayoipanga kama ndiyo safari yako halisi utakuwa huna akiba tena. Kama ratiba ya siku hiyo haina feri mbili za namna hiyo, kisiwa hicho si cha siku hiyo.

Kwa sababu hiyohiyo nasema Aegina, wala si kisiwa kingine. Umbali wake kutoka Piraeus ni kama maili 17 za baharini. Boti ya kasi huchukua takriban dakika 40, na feri ya magari huchukua zaidi kidogo ya saa moja. Faida yake kubwa ni kwamba ina vyombo vya aina zote mbili. Hydra ni kisiwa kizuri sana, hakina magari na mizigo hubebwa na punda na nyumbu, lakini kiko mbali zaidi na kutoka Piraeus kinategemea boti za kasi za abiria, ambazo ndizo huzuiwa mapema upepo unapokuwa mkali. Mwezi Julai na Agosti upepo wa kaskazini uitwao meltemi huweza kuvuma siku kadhaa mfululizo, na mamlaka ya bandari ikizuia vyombo kutoka, hakuna atakayesikiliza kwamba wewe una meli inayokusubiri. Wanaoniuliza kuhusu Santorini kwa feri kutoka Piraeus na kurudi siku hiyohiyo nawajibu kwamba hata feri ya kasi huchukua saa tano hivi kwa upande mmoja, na mjadala unaishia hapo.

Viza nitaigusa kwa kifupi. Kama meli yako inatoka Ugiriki kwenda Uturuki kisha inarudi Ugiriki, utakuwa umetoka katika eneo la Schengen, yaani nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, na kuingia tena, kwa hiyo viza ya kuingia mara moja haitakutosha. Pasipoti ibebe kama unayo. Kama meli imeishika, beba nakala yake, kadi ya meli, na namba ya simu ya wakala wa meli bandarini, ambayo huandikwa kwenye ile karatasi niliyowekea kikombe.

Septemba iliyopita nilirudi Piraeus, safari hii na shangazi yangu mwenye umri wa miaka 67 na goti lisilopenda ngazi. Ndugu zangu walisema nimchukulie ziara ya meli, na kwa kweli ziara ya meli ina jambo moja ambalo feri haina: kikundi chake kikichelewa, meli hukisubiri, au kampuni hugharimia kukifikisha bandari inayofuata. Nililipima hilo usiku kucha. Kisha nikachukua kalamu, nikaandika saa zote kwenye kadi mbili, moja nikampa yeye.

Bandari ya Piraeus ni kubwa na mageti yake yamepewa namba kuanzia E1 hadi E12. Feri za Aegina huondoka geti E8, na kutoka jengo la abiria lililo karibu tulitembea kama nusu saa kwa mwendo wa shangazi, tukipumzika mara mbili. Meli nyingine hufunga mbali zaidi, kwa hiyo uliza jengo lako mapema. Tulikata tiketi za kwenda na kurudi papo hapo, kwa feri ya magari, kwa sababu ina viti vipana, vyoo vya kutosha, na haitikisiki kama boti ya kasi.

Nilipotaka kumrekebishia saa yake ya mkononi, alivuta mkono.

"Mwanangu, saa hii haijaguswa tangu nyumbani."

"Abee, shangazi, lakini huku..."

"Huku kuna nini? Jua si lilelile?"

Nikaitazama. Ilikuwa sahihi kwa dakika. Mimi niliyekaa usiku nikihesabu nilikuwa na saa ya meli mkononi na saa ya Ugiriki kwenye kadi, na yeye alikuwa na jibu tangu alipotoka nyumbani.

Aegina tulipanda basi la kwenda Agia Marina, ambalo hupita kwenye hekalu la Aphaia, kilomita kama 12 kutoka mjini. Hekalu hilo lilijengwa karibu mwaka 500 kabla ya Kristo juu ya kilima chenye misonobari, na nguzo zake nyingi bado zimesimama. Mabasi si mengi, kwa hiyo soma saa ya basi la kurudi kabla hujatazama nguzo hata moja, na uwe na fedha ya teksi mfukoni. Shangazi aliuliza sanamu zilizokuwa juu ya hekalu zilikwenda wapi, nikamweleza kwamba zilichimbuliwa mwaka 1811 na sehemu kubwa iko katika jumba la makumbusho mjini Munich. Alitafakari kidogo, akasema, "Basi hizo hazikuchelewa meli."

Nitasema jambo moja ambalo huenda likamkera mtu. Tumezoea kuita uzembe wetu kuwa ni kumtegemea Mungu. Tunasema tutafika tu, kumbe hatujasoma ratiba. Tunasema safari haipangwi sana, kumbe tunaogopa kukaa dakika kumi na kalamu. Mimi nilikuwa hivyo, na nilikuwa nikiwacheka waliokuwa wakibeba karatasi. Mpeleke mama yako, msomaji wangu, lakini mpeleke na karatasi.

Tulirudi melini tukiwa na zaidi ya saa mbili. Shangazi alioga, akalala kidogo, kisha akaniomba nimpeleke juu kuitazama bandari wakati meli inaondoka. Watu walikuwa wamekwisha kujipanga kwenye ukingo. Dakika chache baadaye kijana mmoja na mwenzake walitokea kwa mbali wakikimbia, mifuko ikiwapiga mgongoni, na makofi yakaanza. Shangazi aliziweka pistachio zake chini, akaitazama saa yake.

"Wale nao walikuwa Aegina?"

"Sijui, shangazi."

"Wana dakika ngapi?"

Nilimwambia nne. Alisimama, goti na yote, akashika ukingo kwa mikono miwili na kuwatazama mpaka wa mwisho wao alipoingia mlangoni, ndipo akakaa na kuendelea kumenya.