Muda wa Wajapani na Muda Wetu: Kwa Wanaoanza Kupeleka Teknolojia Sokoni

Katika viwanda vya Toyota, upotevu wa kila aina huitwa muda. Neno hilo la Kijapani halina undugu na muda wetu wa Kiswahili, ingawa katika kazi hii utaona jinsi yote mawili yanavyoliwa pamoja. Taiichi Ohno, mhandisi aliyeujenga mfumo wa uzalishaji wa kampuni hiyo, alitaja aina saba za upotevu, na aliyoiona mbaya kuliko zote ni kuzalisha kupita mahitaji, kwa kuwa ndiyo inayozizaa nyingine: ghala hujaa, mtaji hulala, na kasoro hujificha ndani ya maboksi mpaka mteja atakapoyafungua.

Hayo niliyasoma mapema, nikaja kuyaelewa baada ya kuyalipia. Mimi na wenzangu wawili tulitengeneza, huko Tanga, kifaa cha kupimia joto la matangi ya kupozea maziwa. Kilikuwa na kioo, kilichora grafu, na kilituma takwimu kwenye intaneti kila baada ya dakika tano. Tuliagiza bodi za saketi 200 kwa mkupuo, maana bei ya moja ilishuka kadiri oda ilivyoongezeka. Tukauza 11. Wasimamizi wa vituo vya kukusanyia maziwa walikisifu kifaa, wakatukaribisha chai, wala hawakununua. Na sisi, kwa ugeni wetu, tulizihesabu zile sifa kuwa ni soko.

Kilichotuokoa ni kwenda kukesha vituoni. Tuligundua kwamba hasara kubwa hutokea usiku, umeme unapokatika na msimamizi akiwa amelala nyumbani kwake bila habari. Alichohitaji ni kuamshwa, basi. Kwa wiki mbili tulimlipa mlinzi wa kituo kimoja asome kipimajoto cha kawaida na kupiga simu joto linapopanda, na msimamizi akakubali kutulipa kwa huduma hiyo kabla hatujaandika hata mstari mmoja wa programu mpya. Kifaa kilichofuata hakikuwa na kioo wala grafu. Kilikuwa na kihisi, betri na laini ya simu.

Kwa hiyo ninyi mnaoanza, kabla ya kuchora saketi, andikeni mambo yote mnayoyachukulia kuwa kweli kuhusu mteja, kisha mlitafute lile ambalo likiwa si kweli biashara nzima inaanguka. Hilo ndilo la kujaribiwa kwanza, kwa njia ya gharama ndogo kuliko zote, hata ikiwa ni ya mikono mitupu. Wahandisi tuna tabia ya kuanza na swali tunaloliweza, yaani kama kifaa kitafanya kazi, ilhali mara nyingi hilo ndilo lenye shaka ndogo zaidi.

M-Pesa inafundisha vizuri juu ya jambo hili. Majaribio yake yalianza Kenya mwezi Oktoba 2005, kwa wateja wasiozidi 500 na mawakala wanane, katika maeneo matatu, yaani katikati ya jiji la Nairobi, Mathare na Thika, na lengo lilikuwa kuwawezesha wakopaji wa taasisi ya mikopo midogo, Faulu, kurejesha mikopo yao kwa simu. Watu wakaitumia kwa mambo yao. Wengine walitumiana fedha, wengine waliweka akiba humo usiku kucha, na wapo walioweka pesa kabla ya safari na kuzitoa walikofikia, ili wasizibebe njiani. Waliokuwa wakisimamia majaribio wangeweza kuyaita hayo matumizi mabaya. Badala yake waliuacha mpango wa mikopo, na huduma ilipozinduliwa Machi 2007 ilinadiwa kwa jambo moja tu: kutuma pesa nyumbani. Idadi ndogo ya washiriki ndiyo iliyowawezesha kuona na kugeuka bila hasara kubwa. Hata hivyo, jibu la soko moja halihamishiki lenyewe: huduma hiyo hiyo ilipelekwa Afrika Kusini mwaka 2010, ikafungwa mwaka 2016.

Wakati wa majaribio ombeni malipo, hata kama ni kidogo, kwa kuwa kifaa cha bure hupokelewa na kila mtu na hakiwafundishi chochote kuhusu bei. Yaliyo nje ya ubanaji huu wa gharama na kazi ni usalama na vibali. Kwa Tanzania, kifaa kinachotumia mtandao wa simu au masafa ya redio huhitaji kuidhinishwa na TCRA, mamlaka ya mawasiliano, na kifaa tiba husimamiwa na TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba. Tuliacha makaratasi hayo yawe ya mwisho, tukijidai kwamba tunaharakisha, na bidhaa iliyokwisha kupata wateja ikakaa kabatini ikisubiri idhini. Siku hizi tunaanza kuulizia masharti katika juma lile lile tunapomtafuta mteja wa kwanza.